Breki za Shangazi

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Shangazi alikataa kusimama. Aliteremka mtaani taratibu, akapita nje ya nyumba yake mwenyewe kama mtu asiyeijua, akaenda kutulia kwenye rundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga. Dereva alitoka akiwa ameshika goti la kulia. Mke wake, ambaye ni mshonaji, alikurupuka kutoka kibarazani na futi ya kupimia shingoni, akiwa bado amebana pini mbili kwa meno.

"Umeumia?"

"Pedali imezama," Dereva alisema. "Nimekanyaga mpaka chini. Hamna kitu."

Shangazi lilikuwa gari la rangi ya maziwa, la miaka hamsini na ushei, ambalo Dereva alirithi kwa baba yake. Jina lilitolewa na watoto wa nyumba hiyo zamani, kabla hawajaenda kujitegemea: lilikuwa nene nyuma, halikuingia mahali kimyakimya, na kila lilikokwenda lilipokewa kwa vigelegele. Kazi yake ilikuwa kubeba maharusi. Jumamosi moja baada ya nyingine, Dereva alivaa suti yake nyeusi, akalifuta Shangazi mpaka likang'aa, akaenda kumchukua binti wa watu kwao na kumfikisha ukumbini. Jumamosi hii pia kulikuwa na bibi harusi anayesubiri.

Ila tatizo halikuwa breki peke yake. Wiki mbili nyuma daktari alilibonyeza lile goti, Dereva akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye foleni nje, na daktari akamwambia bila kupindisha maneno: limechoka, akiendelea kukanyaga breki za gari hilo litamlaza kitandani. Kumtafuta dereva wa kuajiri hakukusaidia. Walikuja vijana wawili wenye vifua vya kunyanyua vyuma, wakajaribu breki, wakashuka wakifuta jasho. Breki za Shangazi zilikuwa ngumu, mtaa mzima ulijua. Dereva mwenyewe alikuwa na msemo wake, na aliutoa kila alipopata wasikilizaji: "Gari hili linataka mguu wa mwanamume."

Mshonaji aliujua msemo huo vizuri kuliko wote, maana ulizaliwa kwa ajili yake. Miaka kumi na miwili nyuma alilitoa Shangazi uani kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alikanyaga breki kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, Shangazi akaendelea na safari zake mpaka ndani ya banda la kuku. Kuku walipona, lakini yeye hakupona maneno ya watu. Alikuwa na leseni, na gari dogo la mwenye duka la vitambaa alikuwa akiliendesha kila mwezi kubeba majora bila kumgusa hata paka. Hata hivyo mtaani aliitwa Mama Kuku mwaka mzima, na kila leseni ilipokwisha muda aliihuisha kimya kimya, asimwambie mtu.

*

Habari mbaya haina breki. Saa nane mchana kaka mkubwa wa Dereva alikuwa ameshafika. Yeye alirithi kiwanja, akajenga hoteli, na tangu hapo alijiona ndiye mwenye akili katika ukoo. Alilizunguka Shangazi mara mbili, mikono nyuma.

"Mdogo wangu, niuzie. Nitaliweka mbele ya hoteli. Natoa injini, natoa boneti, pale napanda maua. Wageni watapiga picha."

"Maua?" Mshonaji alisimamisha cherehani. "Ndani ya Shangazi?"

"Shemeji, hili limeshakuwa chuma. Wewe mwenyewe ni shahidi, waulize kuku."

Alicheka peke yake. Dereva hakucheka, alikuwa anatazama goti lake. Mshonaji alitaka mumewe aseme kitu, lolote, lakini alichosema kilimchoma moyo.

"Ijumaa saa kumi na moja jioni," Dereva alisema. "Likiwa na breki na mtu wa kulikanyaga, basi siuzi. Likikosa kimoja, njoo na kamba yako ulivute."

Kaka mtu akaondoka akipiga mluzi. Usiku huo Mshonaji hakuwa anasikitikia gari tu. Miaka yote hiyo alitamani jambo moja dogo tu, kukaa nyuma ya ule usukani mkubwa mweupe siku ambayo watu wanapiga vigelegele, na sasa usukani huo ungeenda kusimikwa kwenye kitalu cha maua.

*

Alhamisi asubuhi alikuja Spana, fundi wa gari hilo na rafiki wa Dereva tangu wote wawili walipokuwa na nywele. Alilala chini, akainuka, akafungua boneti, na baada ya nusu saa akatoa masta ya breki: chuma cha ukubwa wa ngumi mbili chenye kikopo cha mafuta juu, ambacho kazi yake ni kuupokea mguu wa dereva na kupeleka nguvu zake kwenye magurudumu yote manne. Alipenyeza kidole kwenye tundu lake.

"Kutu imechimba kuta za ndani. Hata ukiweka mipira mipya ya kuzuia mafuta haitashika. Hii ni kununua nyingine."

Kwenye duka la spea huendi na maneno, unakwenda na mfano. Spana alifunga ile masta mbovu kwenye gazeti, akapanda pikipiki yake, na saa sita akarudi na mpya inayometameta. Aliziweka sambamba juu ya ngazi ili Dereva azione. Tundu la ndani la hii inchi moja, la ile inchi moja. Urefu sawa. Dereva akatikisa kichwa kwa kuridhika, angalau breki zingekuwapo.

Mshonaji alikuwa kibarazani akipinda gauni aliposikia tupa inakereza. Alinyanyua macho. Spana alikuwa ameibana ile masta mpya kati ya magoti, anailamba kwa tupa.

"Spana, mbona unakikata kitu kipya?"

"Naipanua kidogo tu, mama. Matundu ya boliti hayakutani na ya gari. Ni kawaida, hata hii ya zamani niliichonga."

"Uliichonga lini?"

"Aa, zamani hizo. Masta ya gari hili ilikuwa haipatikani, nikachukua ya kilori kidogo, nikaichonga, bomba nikaliunga kiungo. Nilimwambia Dereva ni ya wiki moja tu, mpaka ipatikane ya kwake."

"Wiki moja hiyo sasa ina miaka mingapi?"

Spana alihesabu kwa vidole. Mikono yote miwili ikamwishia, akaanza upya. "Kumi na tisa," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Mshonaji aliweka gauni chini. Aliichukua masta ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga. Palepale aliona alama za tupa pembeni mwa matundu, yamevutwa yakawa kama macho ya mtu anayesinzia. Alama za namna hiyo alikuwa anaziona kila siku. Mtu anakuja na gauni, anasema nishonee kama hili, ukiligeuza ndani unakuta limefumuliwa ubavuni mara tatu na kuongezwa vipande. Ukilifuata hilo unashona makosa ya mwenzako. Mwalimu wake wa ushonaji alimpiga rula ya vidole kwa kosa hilo hilo: unapima mtu, hupimi nguo yake kuukuu.

"Kwa hiyo miaka kumi na tisa Shangazi amevaa breki ya lori," alisema.

"Kilori," Spana alisahihisha.

"Na breki ya kilori inataka mguu gani?"

Hapo Spana alijikuna. Alieleza kwamba tundu la ndani la masta likiwa pana, mguu unalazimika kusukuma mafuta mengi kwa mpigo, ndiyo maana pedali inakuwa ngumu. Kwenye kilori kuna kifaa kinachousaidia mguu. Huku hakipo. Tundu likiwa jembamba, pedali inashuka zaidi kidogo, lakini inashuka kwa ulaini.

Dereva alilitazama goti lake. Mshonaji aliwakumbuka kuku. Hasira ilimpanda, akataka kumwangushia Spana hicho chuma kwenye vidole vya miguu, lakini alipofungua mdomo kilichotoka ni kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, mbavu zinamuuma.

"Mguu wa mwanamume!" alisema akifuta machozi. "Jamani! Mguu wa mwanamume!"

Dereva hakukubali upesi. Mtu aliyejisifu mguu wake kwa miaka kumi na miwili haachii kwa siku moja. "Lakini lilikuwa linasimama," alisema.

"Lilikuwa linasimama kwa goti lako, baba watoto. Hilo goti ndilo lililokuwa breki."

"Sikiliza, mteja ni keshokutwa. Hiyo ya kwake tusipoipata je? Chonga, Spana, tufunge hii tuliyo nayo."

"Ikifungwa hiyo atakanyaga nani?" mkewe aliuliza, na sasa hakuwa anacheka. "Wewe daktari kakukataza. Mimi siiwezi. Wale vijana waliishindwa. Tutakuwa na breki isiyo na mguu, na kesho kaka yako anakuja na kamba. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, mume wangu. Niache nikaitafute ya kwake."

Dereva alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha barabara ambacho kilikuwapo siku zote. "Nenda," alisema.

*

Hakwenda na mfano. Alichukua karatasi ya kukatia ruwaza za nguo, akaingia chini ya boneti mpaka kiunoni, akaibandika kwenye bati pale masta inapokaa, kisha akaisugua kwa chaki ya kitambaa. Matundu mawili ya boliti yakajitokeza mviringo safi, maana mwili wa gari haukuwahi kuguswa na tupa. Akachora fimbo ya pedali inapotokea na bomba linapoanzia. Pembeni akaandika namba za kibati cha gari kilichobandikwa kiwandani, akakunja, akafunga safari na ile masta mpya kwenye mkoba.

Duka la spea lilikuwa na meza ndefu, rafu mpaka darini na wanaume wanane waliokuwa wakiongea kwa pamoja. Mshonaji alipofika mbele na kukunjua karatasi yake, wote walinyamaza.

"Mama, duka la vitambaa liko ng'ambo," mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Uso ulimwaka moto. Lakini ulimi haukulala. "Najua, baba. Na wewe ungepita kule kwanza, hiyo suruali isingekubana hivyo."

Kicheko kilihamia upande wake. Muuzaji, dada mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele, aliiegemea ile karatasi kwa viwiko na kuisoma.

"Miaka tisa niko hapa," alisema, "sijaona mtu anayelishonea gari breki. Ni breki za dramu magurudumu yote, hakuna diski?"

"Yote."

Alifungua kitabu kinene chenye kurasa zilizoliwa pembe, akafuata namba za kibati kwa kidole, halafu akapotea nyuma ya rafu. Yalisikika maboksi yakianguka. Aliporudi aliweka masta mbili mezani. Ya kwanza ilitolewa kwenye gari lililopata ajali, matundu yake yalikutana na karatasi sawasawa. Bei yake ilikuwa ya huruma. Mshonaji aliingiza kidole ndani kama alivyomwona Spana akifanya. Kilikwaruza.

"Imechimbika," alisema.

"Imechimbika," muuzaji alikiri. "Nilitaka kuona kama unajua."

Ya pili ilikuwa kwenye boksi lililofifia, imejaa vumbi, lakini haijawahi kufungwa kwenye gari. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kilori hata ikatia shaka. Tundu lake la ndani lilikuwa robo tatu ya inchi. Mshonaji aliilaza juu ya karatasi. Tundu la boliti juu ya duara, tundu juu ya duara. Zikakutana.

"Ila nisikufiche, dada yangu," muuzaji alisema. "Chuma ni kizima, lakini mipira ya ndani imelala miaka mingi humo, imekauka. Ukifunga hivi hivi itavuja ndani ya mwezi. Nakupa mipira mipya, fundi wako aibadilishe kwanza. Na bei yake si ya ile ya kilori."

Ikaja zamu ya kurudisha ile mpya ya kilori. Muuzaji aliigeuza, kidole chake kikasimama kwenye mkwaruzo. "Hii imeguswa na tupa."

"Imeguswa," Mshonaji alisema. Hakutafuta uongo, ingawa macho ya wanaume wote wanane yalikuwa juu yake na aliona aibu kweli. "Fundi wangu ana mkono mwepesi. Nikate utakachokata."

Muuzaji alikata kidogo, kidogo kuliko haki yake. Mshonaji alijazia kwa pesa ya magauni mawili, akatoka na boksi la vumbi amelikumbatia kifuani.

*

Ijumaa Spana alifanya kazi bila kuongea, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alibadilisha mipira, akaipaka mafuta ya breki, akakitoa kile kiungo cha bomba alichokiunga miaka ile na kukitupa mbali kama ushahidi. Alipoisogeza masta kwenye bati, boliti ziliingia kwa vidole. Hakuna tupa, hakuna nyundo.

"Mama," alisema, "naomba radhi. Kwako na kwa kuku."

Kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba inataka watu wawili, mmoja gurudumuni na mwingine kwenye pedali. Siku zote wa pedali alikuwa Dereva. Safari hii Mshonaji alivua viatu akapanda.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!" Spana alipaza sauti kutoka chini. "Kanyaga! Shikilia!"

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne hewa ikaisha, na Mshonaji akaisikia pedali ikijaa chini ya unyayo wake. Ilimkumbusha pedali ya cherehani yake: ukiigusa inasikia, ukiilegezea inakurudishia. Mguu wake ulifanya kazi hiyo miaka thelathini, ulijua tofauti ya nusu pumzi. Alikanyaga tena bila sababu, kwa raha tu, halafu akaona mumewe amesimama mlangoni mwa gari anamtazama.

"Ngumu?" Dereva aliuliza.

"Jaribu kwa mkono."

Dereva aliinama, akaisukuma pedali kwa kiganja. Ikashuka. Alibaki ameinama pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Miaka kumi na miwili," alisema. "Nimekutania mbele za watu miaka yote hiyo, mke wangu. Nisamehe."

Alimsamehe, ila alimwambia atamkumbushia mara kwa mara.

Saa kumi na moja kasoro, kaka mtu akaingia na kamba begani. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake alishabeba miche sita ya maua.

"Breki naona mmefunga," alisema. "Haya, wa kukanyaga yuko wapi?"

Dereva alitoa ufunguo mfukoni. Aliuweka kwenye kiganja cha mkewe, akamfungulia mlango wa abiria kaka yake. "Panda, kaka. Mwambie asimame utakapotaka."

"Na huyu?"

"Ndiye huyo."

Waliteremka mtaani, kaka mtu ameshika dashibodi kwa mikono miwili na anasali. Watu walitoka milangoni. Katikati ya mteremko, bila onyo, akapiga kelele: "Hapa!" Shangazi akasimama. Hakuserereka, hakulia. Kofia tu ya kaka mtu ndiyo iliyoendelea na safari, ikatua juu ya pua yake.

Alikaa hivyo kidogo, kofia usoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Mshonaji akagundua kwamba anacheka.

"Shemeji," alisema kutoka ndani ya kofia, "hiyo miche utapanda mwenyewe. Panda nje ya nyumba, si ndani ya gari."

*

Jumamosi baba wa bibi harusi alitoka nje, akaona suti nyeusi, akaelekea kwa Dereva kumpa maelekezo ya njia.

"Mimi nafungua milango tu," Dereva alimwambia. "Dereva ni huyu hapa."

Baba mtu alisita, akamtazama Mshonaji aliyevaa gauni la bluu alilojishonea usiku wa kuamkia siku hiyo, mikono juu ya usukani mweupe. Lakini bibi harusi mwenyewe alishaingia nyuma, akakusanya shela lake na kusema, "Twende, mama, nimesubiri vya kutosha." Basi wakaenda. Vigelegele viliwapokea mtaa hadi mtaa, na Mshonaji alipiga honi kila palipostahili na pasipostahili. Alikuwa na furaha, na hakuona haja ya kuificha.

Pembeni yake Dereva hakutulia. Kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tupu, kila taa nyekundu aliikanyagia kabla hawajaifikia.

"Unamsaidia nani?" mkewe aliuliza.

"Mazoea tu, mama watoto."

Walimfikisha bibi harusi salama, wakageuza. Njiani kurudi, Dereva alinyamaza. Mguu nao ukaacha kukanyaga. Mshonaji alidhani labda limemwingia lile la wanaume, wivu wa usukani, akageuka kumchokoza. Alikuwa amelala. Mtu ambaye tangu waoane hajawahi kufumba jicho ndani ya gari linaloendeshwa na mwingine, hata basi alilihesabia gia, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, tai upande.

Mbele watu walikuwa wanavuka barabara. Mshonaji alikanyaga breki polepole. Shangazi akasimama, na kichwa cha Dereva hakikutikisika.